Mwisho wa Hadithi ya Mkuyu

Butimba, Mwanza
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Sabina,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwangu. Huku wote wazima: watoto wanajiandaa na mitihani, shemeji yako Machibya anaendelea na presha yake ya kupanda na kushuka, na mama mkwe bado tuko naye, magoti yanamsumbua. Mvua zimeanza kwa fujo, zimeangusha ukuta wa jirani. Vipi huko Kamanga? Muhogo umeota? Shemeji Maige hajambo? Na binti yako Kija nasikia amemaliza darasa la saba; mwambie mama yake mkubwa anamwombea matokeo mema.

Ningekupigia simu, ila unajua mwenyewe. Simu ya nyumba yenu anapokea Maige, na Maige anaweka spika. Maneno ya mtu na ndugu yake hayafai kusikika uwanja mzima. Kwa hiyo nimempa barua hii Mama Akumu, yule anayevuka na dagaa zake kila wiki, akukabidhi mkononi gulioni. Nawe ukijibu, mpe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Naandika kitabu cha hadithi za Bibi. Kila hadithi nitaieleza maana yake iliyofichika, maana hizi hadithi hazikuwa za kupoteza muda, zina mafumbo. Kuna wachapishaji hapa mjini wameonyesha nia. Nikikaa mezani kuandika, naiona ngitili ya babu kama jana: ule msitu alioupiga marufuku ya shoka ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Wakubwa walikuwa wanasubiri kiangazi, sisi ulikuwa wetu mwaka mzima. Tulipika udongo kwenye vifuu, tukala furu mpaka midomo ikawa myeusi, tukajificha kwenye tumbo la ule mkuyu. Hakuna wakati niliokuwa na raha kama ule.

Hadithi ninayoitaka kuliko zote ni hiyo ya mkuyu. Naikumbuka hivi. Dada wawili walikwenda msituni kucheza, wakaukuta mkuyu unaofunguka ukiimbiwa. Lakini lazima waimbe wawili, mmoja aulize na mwingine ajibu. "Mkuyu, mkuyu, ndani kuna nani?" "Ni wa tumbo moja nawe, ingia." Wakaimba, mti ukafunguka, mkubwa akaingia, mti ukajifunga. Mdogo akabaki nje. Mara fisi wakatokea, wamevaa vizuri, wanaongea kwa adabu, wanamwambia, "Binti, chagua mmoja wetu." Mdogo akakimbilia mkuyuni, akaimba.

Hapo Bibi alikuwa anakatisha. "Mwisho mtausikia mkikua." Mimi nikaenda bweni, wewe ukabaki naye. Najua alikumalizia. Nitumie huo mwisho, mdogo wangu. Mhariri anautaka mswada wote kabla ya Pasaka.

Wako dada,
Suzana

Kamanga, Sengerema
3 Desemba 2023

Dada Suzana,

Shikamoo. Barua yako Mama Akumu alinipa ikinuka dagaa, nikaipenda hivyohivyo. Huku muhogo umeota, mahindi yana wadudu. Wadogo hawajambo. Maige naye hajambo, yeye huwa hajambo. Mpe pole shemeji kwa presha, na mama mkwe kwa magoti.

Kija hakuchaguliwa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe hapa nyumbani, amekasirika kama vile aliyefeli ni yeye. Mtoto aliyekuwa wa pili kwenye mtihani wa majaribio, safari hii amepata alama za mtu asiyejua kushika kalamu. Nilimuuliza tukiwa tunamenya muhogo. Aliendelea kumenya. Akasema, "Baba aliniambia nijaze ovyo. Alisema nikifaulu wewe ndiye utakayeipata fresh." Basi mtoto akajaza ovyo, dada, kwa ajili ya mgongo wangu.

Siyo yeye wa kwanza huku kwetu, na unajua sababu. Mtoto aliyechaguliwa, asipofika shule serikali inauliza yuko wapi. Asiyechaguliwa haulizwi na mtu, isipokuwa wachumba. Kuna mzee mmoja wa upande wa Geita, Ndalahwa, mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Ameshaonekana mara mbili anakunywa chai na Maige. Hiyo chai siipendi.

Sasa mimi nakuomba kitu, na sijawahi kukuomba kitu tangu uolewe. Mchukue Kija akae kwako. Asome ile QT ya walioikosa sekondari, au cherehani, chochote chenye daftari au sindano. Anajua kupika, kufua, kulea. Hali sana. Sioni aibu kumsifia mwanangu kama mbuzi wa mnadani, maana mwenzangu ameshaanza kumsifia kwa mtu mwingine.

Kuhusu hadithi: ndiyo, Bibi alinimalizia. Mwisho ninao wote, neno kwa neno. Kija mwenyewe hajausikia, nimemkatishia palepale alipotukatishia Bibi. Siku atakapoingia mlangoni kwako na wewe ukanijulisha kuwa ameingia, jioni ileile nitakaa niuandike na kukutumia. Usione nafanya biashara. Au ona hivyo, sawa tu.

Mdogo wako,
Sabina

Butimba
8 Januari 2024

Mdogo wangu Sabina,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kuchelewa, Krismasi ilituletea wageni kutoka pande zote za ukoo wa Machibya. Nimekutumia kwa Mama Akumu vitenge viwili na madaftari ya Kija. Asiache kuandika hata kama hayuko shule, mkono husahau upesi.

Habari za matokeo ziliniuma sana. Maige alifanya vibaya na ninalisema hilo bila kumung'unya. Suala la Kija kuja huku ni jema, na liko moyoni mwangu. Ila wakati wenyewe sasa hivi umebana. Tunapiga plasta vyumba vya nyuma, watoto wanalala sebuleni, mama mkwe hawezi hata kujiogesha, na msichana wetu wa kazi, Odeta, anatishia kuondoka kila mwisho wa mwezi. Nitazungumza na shemeji yako. Mambo ya nyumba yangu si ya kuandika yote kwenye karatasi, lakini nitazungumza naye.

Kwa sasa nimeandika maelezo ya hadithi hadi pale tunapopajua. Kurasa tatu nzima juu ya fisi! Nimeeleza kwamba fisi ni tamaa ya dunia, inayokuja imevaa vizuri. Msitu ni utoto, na mkuyu ni hekima ya wahenga inayomkinga mtoto. Mhariri amesoma akasema sasa ndipo kitabu kina uzito. Lakini hadithi isiyo na mwisho haichapwi. Nakuomba tusiufungamanishe mwisho wa Bibi na jambo la Kija. Hadithi ni ya Bibi, si yangu wala yako.

Nawakumbatia wote,
Suzana

Kamanga
11 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Vitenge nimevipata, vizuri mno, Maige amesema dada yako ana macho. Madaftari Kija ameshajaza moja. Anaandika majina ya mitaa ya Mwanza ambayo amesikia kwa Mama Akumu, akiyapanga kama anayejifunza njia. Huku kuna joto, ziwa limetulia, sato wamekuwa wadogo.

Umeandika kurasa tatu juu ya fisi. Nimecheka mpaka Maige akaniuliza kuna nini. Dada, umesahau tulichokuwa tunacheza? Tulikuwa tunacheza chagulaga. Tulikuwa tumewaona wakubwa msimu wa ngoma: vijana wanamkimbiza msichana porini, wanamzunguka, wanamwambia achague mmoja, na hawamwachii mpaka achague. Nasi tukaenda kuiigiza ngitilini na akina Ngosha wa jirani. Bibi alituona. Hakutuchapa. Jioni ile ndipo alipoanza hadithi ya mkuyu, na hatukuwahi kuisikia kabla ya hapo. Kwa hiyo fisi wa Bibi si tamaa ya dunia. Fisi ni wachumba. Hilo angekuambia hata Ngosha, ambaye hakumaliza la nne.

Na kitu kingine, kwa kuwa unaikumbuka ngitili kama jana. Nani alikuwa anaingia kwenye mkuyu kwanza? Wewe, miguu yako ilikuwa mirefu. Mimi nilikuwa nafika nyuma nahema, akina Ngosha wako visiginoni, naimba "ndani kuna nani", na wewe humo ndani unacheka. Ulikuwa unajibu, sikatai. Ila ulikuwa unamaliza kucheka kwanza.

Ndalahwa alikuja rasmi wiki iliyopita, na mshenga wake. Walikaa kwenye vile viti vya wageni, wakala kuku wangu, wakamwita Kija awanawishe mikono. Ng'ombe watakuja pamba ikishavunwa. Hiyo ni mwezi wa sita, dada, wala si mbali. Naomba unipe tarehe. Plasta hukauka.

Sabina

Butimba
20 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu ya moyo kuliko ile uliyoniandikia. Huku mama mkwe amelazwa wiki moja akarudi. Mtoto wangu wa pili, Yeremia, amepata alama za kwenda kidato cha tano, tunamshukuru Mungu.

Nina habari njema: kitabu kimekubaliwa. Mhariri ni mama mmoja mcheshi, ana ofisi yenye feni tatu. Ameniambia watoto wa sasa wana mambo ya kutosha ya kuwatisha, kwa hiyo wanataka hadithi ziishie vizuri. Nimemwambia mwisho wenyewe bado unakuja kutoka Kamanga. Amecheka, akasema kama haufiki nijitungie.

Sasa kuhusu Kija. Unaandika kama vile mimi ndiye ninayemwoza. Mtoto ana mama, Sabina. Je, wewe umemkatalia Maige? Umekwenda kwa mtendaji wa kijiji? Umekwenda kanisani? Ni rahisi kumnyooshea kidole mtu aliye ng'ambo ya maji. Nimesema nitamchukua na nitamchukua, ila baada ya Pasaka, nikishazungumza vizuri na Machibya. Tafadhali asije kabla sijakuambia. Nyumba hii ina utaratibu wake, na si kila mlango ninaufungua mimi.

Damu nzito kuliko maji, na hilo nalijua. Usinifundishe.

Dada yako,
Suzana

Kamanga
14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Mwandiko usikushangaze, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa. Niliteleza kisimani, ndivyo nilivyoeleza zahanati, na ndivyo nakueleza wewe.

Umeniuliza kama nimemkatalia Maige. Nimemkatalia mara mbili. Mara ya kwanza kwa mdomo. Mara ya pili kwa kusimama mlangoni. Kwa mtendaji nimekwenda pia. Ameniambia, "Mama, mtoto si mwanafunzi, nitamshika baba yake kwa kosa gani?" Wiki iliyofuata nikamwona anakunywa ile chai.

Pasaka imepita.

Sabina

Butimba
2 Juni 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Pole sana kwa mkono. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Natumaini umepona. Jitahidi kula vizuri, mfupa unataka chakula. Visima vya huko vina utelezi, kweli.

Kitabu kimetoka! Kina picha za rangi. Nakala moja ni yako, Mama Akumu anayo kwenye mfuko wa nailoni ili isiloe dagaa. Fungua ukurasa wa kwanza: "Kwa mdogo wangu Sabina, tuliyecheza pamoja." Machozi yalinitoka nilipoliona jina lako limechapwa.

Usikasirike, lakini mwisho niliungoja na haukuja. Nimeutunga mwenyewe. Mdogo anaimba, mkubwa anajibu upesi, mkuyu unafunguka, wanakaa wote wawili humo ndani wakisikiliza fisi wakilalamika kwa njaa. Asubuhi fisi wamechoka wamekwenda zao, na dada wawili wanarudi nyumbani wakiimba. Naamini Bibi angeupenda.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano nafanya tafrija ndogo hapa nyumbani ya kukizindua. Watakuja wachapishaji, mkuu wa shule ninayofundisha na watu wa kanisani. Ningekualika, ila najua hali yako. Suala la Kija halijafa. Bado nazungumza na Machibya, unajua alivyo mgumu. Tuvumilie kidogo tu.

Wako,
Suzana

Kamanga
30 Juni 2024

Suzana,

Safari hii shikamoo sitaandika. Mkono umepona, umebaki na kinundu.

Nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio, maana najua hutamuuliza mtu.

Kitabu chako kilifika siku ya Jumanne. Maige hakujali, alidhani ni cha nyimbo za kanisa. Kija alikichukua akaenda nacho ngitilini, kwenye kile kipande kilichobaki. Alirudi jua linazama, na sura ambayo sijawahi kuiona tangu matokeo. Akaniuliza, "Mama, huu ndio mwisho?" Mimi nikiwa na moto wa kuni machoni nikamjibu, "Ndio mwisho wa mama yako mkubwa." Nilitaka kumwambia kuwa mwisho wa Bibi ni mwingine, nikasema moyoni, mwache mtoto alale na kitu kizuri leo.

Wewe unajua sisi tulivyolelewa. Kwetu hadithi haikuwa ya kumlaza mtoto. Bibi akitaka kutukataza kitu alikiweka kwenye hadithi, akitaka kututuma mahali alituweka kwenye hadithi. Mimi nami nimemlea Kija hivyohivyo, sina njia nyingine. Kwa hiyo mtoto alisoma kitabu kilichoandikwa na mama yake mkubwa, chenye jina la mama yake mbele, kinachosema mdogo akikimbia na kuita, mkubwa anajibu upesi na mti unafunguka. Aliona ameitwa. Alidhani ndiyo namna yako ya kunijibu bila Maige kujua. Tena mle ndani ya kitabu mlikuwa na kadi ya mwaliko uliyoisahau, yenye tarehe na mtaa.

Jumamosi aliondoka alfajiri na michembe ya viazi vikavu ya kuuza, akapanda kivuko na Mama Akumu. Pale ng'ambo Mama Akumu alikwenda kwenye biashara yake, Kija akashika njia ya Butimba. Majina ya mitaa alikuwa ameyaandika kwenye yale madaftari uliyomletea. Alifika kwako saa nane mchana. Alikuwa amevaa sketi ya shule, ndiyo nguo yake nzuri, na miguu ya vumbi. Muziki ulikuwa unalia uani. Akagonga geti. Akaita, "Mama mkubwa, ni mimi Kija."

Sasa sikiliza vizuri, maana mtoto wangu hasemi uongo. Anasema ulichungulia dirishani, una gauni la kijani. Anasema mlitazamana. Ukaachia pazia. Baada ya muda Odeta akatoka na soda na kipande cha keki kwenye karatasi, akamwambia getini, "Mama amewaambia wageni ni mtoto wa jirani. Anasema rudi kesho."

Kesho, Suzana. Angelala wapi mpaka kesho?

Alikaa chini ya ukuta wenu mpaka hotuba zikaisha. Anasema alikusikia ukiwasomea hadithi ya mkuyu, na watu wakapiga makofi pale mti ulipofunguka. Ndipo akainuka. Keki alimletea mdogo wake.

Jioni Maige alikuwa anamngoja gatini Kamanga, yeye na Ndalahwa na pikipiki mbili. Hawakumpiga. Walimwambia twende. Ng'ombe waliingia zizini wiki ile, pamba ikiwa bado shambani. Kija yuko Geita sasa. Ana miaka kumi na minne. Alipokuwa anaondoka aliniachia kitabu chako, akasema, "Mama, kitunze, kina picha."

Nimekuchukia wiki mbili nzima bila kupumzika. Nimemchukia Maige miaka kumi na sita, lakini hiyo ni chuki iliyozoea, naamka nayo, napika nayo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Maige ananila taratibu. Wewe ulinila mara moja tu, na ulikuwa umevaa vizuri.

Uliutaka mwisho wa Bibi. Haya, sina tena cha kubadilishana, chukua bure.

Mdogo alikimbilia mkuyuni, akaimba, "Mkuyu, mkuyu, ndani kuna nani?" Mkubwa alisikia. Akasema moyoni, nikijibu mti utafunguka, na fisi watanusa humu ndani nilimokaa. Akanyamaza. Mdogo akaimba mara ya pili. Mkubwa akasema moyoni, labda anacheza tu. Akanyamaza. Mara ya tatu mdogo hakumaliza wimbo.

Asubuhi palikuwa kimya. Mkubwa akasema sasa nitoke. Akauimba wimbo mwenyewe kutokea ndani. Lakini ule mti haufunguki mpaka waimbe wawili, mmoja aulize na mwingine ajibu, na wa kumjibu hayupo tena. Basi yumo humo mpaka leo. Ukipita ngitilini upepo ukivuma unamsikia anauliza.

Bibi aliponimalizia nilikuwa nalia, nikamuuliza, "Fisi walipata adhabu gani?" Akasema, "Fisi ni fisi, mjukuu wangu. Hadithi hii siyo yao." Halafu akaniambia, "Mwenye hadithi yake yuko bweni. Akija likizo nitamwambia." Likizo ile hukuja, ulikwenda kwa rafiki yako Bukoba. Bibi alikufa kabla ya iliyofuata.

Umefasiri fisi kurasa tatu. Huyo aliyekuwa ndani ya mti hukumwandikia hata mstari.

Sabina

Butimba
7 Julai 2024

Mdogo wangu Sabina,

Nimeisoma barua yako bafuni, nimefungulia maji watoto wasisikie. Naomba uamini kwamba sikujua. Nilijua ni yeye, lakini sikujua ya gatini, sikujua ya pikipiki. Nilidhani ni siku moja tu. Wale watu walikuwa wameanza kukaa, mkuu wangu wa shule alikuwa mbele kabisa, na mtoto alikuwa na ile miguu. Nilisema kesho kwa nia ya kesho.

Nitakwenda Geita. Nitazungumza na mwanasheria. Nijibu tu uniambie yuko kijiji gani.

Suzana

Butimba
28 Julai 2024

Sabina,

Sijapata jibu. Mama Akumu anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka chini ya michembe kwenye kapu, ukamuuliza bei ya dagaa. Mwanasheria anataka jina la kijiji na mtu wa kutoa maelezo. Bila wewe anasema hana pa kuanzia.

Kuna jambo sijakuambia. Machibya nilimweleza juzi, kwa mara ya kwanza. Yote. Alinitazama, akasema, "Kwa nini hukuniambia tangu Desemba? Angekuja tu." Miezi yote ile sikuwahi kumuuliza hata siku moja.

Suzana

Butimba
18 Agosti 2024

Sabina,

Jumamosi nilivuka mwenyewe. Maige alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akachinja kuku. Nilimuuliza Kija yuko kijiji gani. Akacheka, akasema mwana akishaolewa ni wa huko. Ng'ombe nimewaona, wananenepa.

Nikaambiwa uko shambani. Nilikwenda mpaka kwenye mpaka wa muhogo nikakuona, umesimama na jembe, umenipa mgongo. Nikaita. Nikaita tena. Ulisikia, maana jembe lilisimama. Halafu likaendelea.

Nikapita ngitilini kabla ya kivuko cha jioni. Mkuyu upo, tumbo limeziba kwa mizizi, hata mtoto hawezi kuingia sasa.

Suzana

Butimba
3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Sina habari za kukupa. Huku wote wazima. Wachapishaji wanataka kurudia kitabu na nimekataa, wameudhika. Mvua zimeanza tena.

Mama Akumu amesema hii ndiyo ya mwisho atakayoichukua, amechoka kubeba barua za kwenda tu. Kwa hiyo nimekaa mezani tangu asubuhi natafuta neno moja ambalo unaweza kulijibu, na ninalo hili tu.

Mkuyu, mkuyu, nje kuna nani?